Tatu kwa Tatu

Nimeishi Guangzhou miaka saba na ninaufahamu mji huu vizuri sana, kuanzia mlango wa nyumba tuliyokuwa tumepanga hadi mlango wa stoo ninayofanyia kazi hapa Xiaobei, mwendo wa dakika kumi na moja kama taa za barabarani zina huruma. Ukinitoa nje ya hapo mimi ni mgeni. Ndugu zangu nyumbani wanaamini ninatalii. Wananiuliza ule Ukuta Mkubwa ukoje. Ukuta ninaoujua mimi ni wa stoo, una unyevu upande wa kushoto, na ni marufuku kuegemeza marobota ya nguo pale.

Siku za mapumziko nilikuwa nalala. Nikiamka navaa ndala, napika chai, nakaa. Mke wangu alikuja huku kwa ufadhili kusomea udongo na mawe, akasoma mpaka wakampa udaktari, na alikuwa akisema ameona miamba ya kila aina ila huu wa kunywa chai ndio hajaukuta kitabuni. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, tena cha kuombewa, kwa hiyo nilimwita Profesa na kumuuliza kama wali nao unahitaji utafiti, mbona hauivi. Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukichokozana. Nilidhani ndiyo mapenzi yenyewe, na kwa muda mrefu yalikuwa ndiyo.

Binti yetu alizaliwa huku huku, mwaka wetu wa kwanza. Alipoanza kuongea akaurithi utani wa nyumba na kuuzidisha. Siku moja chekechea waliwafundisha wadudu na wanyama wadogo, akarudi akanitazama nilivyojikunja kwenye kochi, akatangaza kwamba baba ni konokono. Hakucheka. Alisema kama daktari anayetoa majibu.

Ninapaswa kueleza kazi yangu, maana kila kitu kilitokea humo. Nafunga mizigo. Wafanyabiashara wanakuja kutoka kwetu, wananunua nguo na viatu Zhanxi, vifaa vya umeme kwingine, wanavileta kwetu, nasi tunavifunga na kuvipeleka Nansha vikapande meli. Kila mteja ana alama yake. Wengine wanaandika herufi, wengine wanachora: jogoo, nyota, jembe. Chini ya alama unaandika mji, na chini ya mji unaandika namba ya kifurushi. Kama mteja ana vifurushi vitatu, cha kwanza ni 1/3, cha pili 2/3, cha mwisho 3/3. Tunasema moja kwa tatu, mbili kwa tatu, tatu kwa tatu. Huko kinapofikia, mteja anahesabu. Kama tatu kwa tatu haijafika, hasaini na wala hafungui hata kimoja, kwa sababu akishafungua amekubali kwamba mzigo umetimia, na hana tena cha kudai.

Binti yangu aliyajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yake akiwa maabara, mimi nilikuwa naye stoo, amekaa juu ya robota la jinzi, ananiuliza maswali kama afisa wa forodha. Mzigo usio na alama unaenda wapi? Hauendi popote, nilimwambia, unabaki stoo. Unabaki mpaka lini? Mpaka mtu aukumbuke. Alikuwa na makapeni yake mwenyewe, nyeusi, ile nene ya kuandikia mizigo. Alinichorea alama ya familia yetu: konokono mwenye pembe mbili na tabasamu. Tuliitumia kila tulipotuma chochote kwa bibi yake Morogoro.

Pia alikuwa na ombi moja. Upande wa Panyu kuna bustani kubwa ya michezo na wanyama, na ndani yake kuna kambi ambako familia zinalala kwenye mahema. Mwenzake mmoja wa chekechea alilala huko akarudi na picha ya twiga akichungulia. Kwa miaka miwili binti yangu aliniomba twende, na kwa miaka miwili nilikuwa na sababu. Jua kali. Mvua. Likizo, watu watajaa. Si likizo, kutakuwa kumepoa. Siku nilizoishiwa kabisa nilimwambia mahema yameisha, *meiyou*, hakuna, neno ambalo kila mwenye duka huku anakuambia asipotaka kuinuka kitini. Nami nililipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha masomo ya mke wangu yakaisha. Chuo chake cha Morogoro kilikuwa kinamsubiri afundishe, mtoto alitakiwa kuanza darasa la kwanza Januari, na kibali cha mtoto kilishikamana na cha mama yake. Changu kimeshikamana na stoo.

Jioni moja tulikuwa tunaosha vyombo. Mimi naosha, yeye anafuta. Akauliza bila kunitazama, "Tunarudi wote watatu, au?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi tangu hapo, na kila mara nalijibu vizuri. Siku ile nilijibu, "Mwamba hauhamishwi, Profesa. Unasomewa pale pale ulipo."

Alicheka kidogo. Akafuta sahani, akaiweka kabatini, akafuta nyingine. Hakuniuliza tena, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Alikata tiketi mbili.

Sitajifanya kwamba ulikuwa utani mtupu. Niliogopa. Hapa stooni nikipaza sauti lori linarudi nyuma. Wachina wanaoleta mizigo wananiita *laoban*, bosi, najua ni kwa kunifurahisha ila mgongo unanyooka hata hivyo. Morogoro ningekuwa mume wa daktari, mwenye cheti cha kuombewa, anayeshinda nyumbani na ndala. Lakini hayo ndiyo nilipaswa kumwambia, na sikumwambia. Nilimpa mwamba.

Alichonidai ni kitu kimoja tu, siku chache kabla ya safari. "Mtoto anajua anakwenda kwa bibi. Hajui kwamba wewe huendi. Utamwambia wewe, baba watoto, na utamwambia kwa maneno ya kawaida. Usimchekeshe."

Nikasema nitamwambia kambini. Niliona kwamba mtoto akiwa na furaha neno litaingia vizuri. Ndiyo akili ya kidato cha nne hiyo.

Ijumaa tulirudisha funguo za nyumba. Vitu vyangu nilikuwa nimeshavihamishia chumba cha wafanyakazi wenzangu wawili wakati mtoto yuko chekechea anaagwa. Yaliyobaki yalikuwa mabegi mawili makubwa, la mama na la mtoto, ambayo yangetoka nasi kambini hadi uwanja wa ndege siku ya Jumapili. Niliyafunga mwenyewe alfajiri ile, kwa mkono uliofunga maelfu. La mtoto niliweka chini kabisa viatu vya shule, vyeusi, nilivyomchagulia Zhanxi, nikavijaza soksi ndani visiharibike umbo. Nikazungushia selotepu pande zote. Nikachora konokono. Nikaandika Morogoro, nikaandika namba, nikafunika makapeni.

Kambini mtu asikudanganye kwamba ni hema. Lina vitanda, kiyoyozi, friji, na swichi ya kufunga mapazia. Novemba ilikuwa imepoa vizuri, na kutoka barazani tuliona pundamilia wanakula majani. Mke wangu alisema tumekatiza dunia nzima kuja kuona pundamilia ambao Morogoro ukikosea njia unawakuta Mikumi barabarani. Binti yangu akamjibu kwamba wale wa Mikumi hawana ratiba. Hawa wana ratiba, imebandikwa pale, saa nne wanakula karoti.

Tulifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu inauma kuliko mengine. Tulipanda treni inayopita katikati ya swala, tukaona dubu wakikwaruzana migongo. Michezo ya kuruka sikupanda hata mmoja. Nilikaa kwenye benchi na mikoba, koti, chupa za maji, viatu vya mtoto na miwani ya mama, wakati wao wanapiga kelele hewani. Kila wanaposhuka wananikabidhi kitu kingine. Familia ya jirani wa hema walipotuona hivyo mara tatu, bibi yao akamuuliza binti yangu kwa Kichina kwa nini baba hapandi. Binti yangu akamjibu, kisha akanitafsiria kwa huruma, maana Kichina changu ni cha sokoni. Amemwambia baba ni stoo yetu.

Mchana nilichukua jiko la umeme la wali nililolificha kwenye begi la taulo nikasonga ugali ndani ya hema, jambo lililokatazwa kwa picha na maandishi. Tulikula na dagaa barazani. Harufu ikawaleta jirani, wakaja na mishikaki yao, tukabadilishana. Bibi yao alilamba dagaa mmoja, akafikiri, akamla. Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo, akaniegemea begani, akasahau kidogo. Nilikaa bila kupumua ili asikumbuke.

Saa tisa joto likarudi tukaingia ndani. Mabegi yalikuwa yamesimama kwenye ukuta wa turubai. Binti yangu alilala chali sakafuni mbele yake, akayasoma, kama watoto wengine wanavyosoma maganda ya biskuti.

"Baba," akasema, "tatu kwa tatu iko wapi?"

Nikageuka. Konokono, Morogoro, moja kwa tatu. Konokono, Morogoro, mbili kwa tatu. Mwandiko wangu. Kuna kijana aliwahi kuhamishwa stooni kwa kosa hilo hilo, na mimi ndiye niliyemsemea kwa bosi. Mkono wangu ulihesabu mabegi mawili ukaandika watatu, kwa sababu tangu nianze kuichora ile alama ya konokono tumekuwa watatu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani. Aliyatazama mabegi, akanitazama mimi, akasubiri. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nisingeombewa nafasi nzuri zaidi ya ile.

Nikasema, "Iko Nansha. Inakuja na meli. Ni ya baba, nzito, ndege imeikataa."

Binti yangu akacheka. Akasema ndege imefanya vizuri. Akatoka kwenda kumwambia bibi wa jirani kwamba baba yake ni mnene mpaka anasafirishwa na meli, na nilisikia familia nzima ikicheka kule nje.

Mke wangu aliendelea kukunja nguo. Hakunigombeza. Alikunja fulana moja mara mbili, akaifungua, akaikunja tena. "Mpaka kesho," akasema.

Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa kwenye foleni ya mashua zinazoteremka majini. Mama mtu alikwenda kununua vinywaji. Foleni ilikuwa ndefu, tumekaa kwenye ukingo wa bustani, na nikahisi kitu kinanitekenya mguuni. Binti yangu alikuwa amechuchumaa na makapeni yake. Alikuwa anaandika kwenye ndala yangu ya kulia, pale pembeni pa soli, akiwa ametoa ulimi nje kwa umakini. Konokono alikuwa ameshamaliza. Akaandika Morogoro, na o moja ikakosa nafasi akaipachika juu. Kisha akaandika 3/3.

"Sasa hata meli ikikuangusha," akasema, "watajua wewe ni wa nani."

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha tayari mdomoni. Nayajua hadi leo, na moja lilikuwa zuri. Nilimwinua nikamkalisha gotini.

Nikamwambia hakuna begi Nansha. Nikamwambia kesho wanapanda ndege yeye na mama, na mimi ninabaki kazini. Nikamwambia nitapiga simu kila siku.

Hakulia. Alitazama ile ndala, mimi pia nikaitazama.

"Kwa hiyo umebaki stoo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani amekusahau?"

Foleni ilisogea, watu wakatupita. Nilimwambia hakuna aliyenisahau, mama yake aliniuliza kama nakuja, ni mimi niliyejibu vibaya. Akafikiri. Akauliza kwa nini nisijibu tena vizuri. Nikasema mambo ya watu wakubwa. Alinitazama jinsi mama yake anavyotazama wanafunzi wanaonakili, kisha akateremka gotini, akafunika makapeni, akaitia mfukoni.

"Mimi sitasaini," akasema.

Mama yake alirudi na vinywaji akatukuta tumekaa mbalimbali kidogo. Alijua. Alimpa mtoto juisi, akanipa mimi chai, akakaa katikati yetu. Zamu yetu ya mashua ilipofika, binti yangu alinivuta mkono nipande. Nilipanda. Mikoba tulimwachia bibi wa jirani, aliyekuwa amekaa benchi akiwangoja wajukuu wake. Kuna picha ambayo mashine yao inapiga mnapoteremka. Watu wote kwenye mashua wana midomo wazi. Sisi watatu tumenyamaza kama tuko kanisani, maji yanatujia.

Jumapili uwanja wa ndege niliyaweka mabegi kwenye mzani, nikayaona yakiondoka kwenye mkanda, moja kwa tatu, mbili kwa tatu. Mke wangu alinikumbatia kwa adabu, akanifuta kitu kwenye kola ambacho hakikuwepo.

Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Nilisema nitabaki mwaka mmoja, na mkataba wangu ulipoisha wakaniongezea, nikasaini, kwa sababu kalamu ilikuwa karibu.

Bibi mtu ndiye aliyenieleza habari ya begi. Walipofika, mama alifungua lake siku ile ile, ana kazi kesho yake. La mtoto liko chini ya kitanda na selotepu yake. Hataki liguswe. Bibi alileta kisu, mtoto akalikalia. Alisema mzigo haujatimia, ukifungua umekubali. Ikabidi bibi amnunulie viatu vingine vya shule, sokoni, huku akijua kabisa vilivyo ndani ya begi. Vile vyangu sasa ni vidogo. Viko mle, na soksi ndani, visiharibike umbo.

Mke wangu nikimpigia anapokea. Ananieleza maendeleo ya mtoto, ananiuliza afya, ananishukuru kwa kila nilichotuma. Haniiti mwamba, haniiti konokono. Mwezi uliopita nilianza sentensi nikasema, "Nikirudi," na akasubiri niimalize, sikuimaliza, naye akasema kwa upole, "Ukirudi utuambie mapema, tujiandae." Hivyo ndivyo anavyowaambia wageni wa chuo. Nilitafuta la kumchokoza nalo nikakosa.

Binti yangu bado anafanya ukaguzi. Kila Jumapili kwenye simu ya picha, baada ya habari za shule na bibi na kuku, ananiambia nioneshe ndala. Nainua mguu mbele ya simu, na wenzangu wa chumbani wameacha kucheka. Anasogeza uso karibu. Sakafu ya stoo inakula wino.

"Konokono amebaki pembe moja," alisema wiki iliyopita. "Tatu ya chini sioni. Pitishia wino tena."

Nilimwambia afungue tu begi, mwanangu, viatu vinazeeka mle. Akasema pitishia kwanza.

Makapeni haikosekani stoo. Nilikaa juu ya robota, nikavua ndala, nikaiweka pajani. Nikampa konokono pembe yake. Nikapitishia Morogoro herufi kwa herufi, pamoja na ile o iliyopachikwa juu. Nikapitishia tatu ya juu, nikapitishia mstari, nikapitishia tatu ya chini, nikaipuliza ikauke, nikaivaa.